Podosini kwenye figo ya panya: mirija imekolea kahawia, glomeruli hafifu. Kingamwili imekufa?

Nyakahoja_Histo

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaofanya imunohistokemia ya figo (kupaka rangi protini kwenye mikato kwa kutumia kingamwili), hapa Mwanza au popote mlipo.

Tuna figo za panya wadogo wa maabara walioambukizwa kichocho cha tumbo (Schistosoma mansoni), wiki ya 8 na ya 16, pamoja na wenzao wasioambukizwa. Tunataka kuona kama podosaiti (seli zinazofunika kapilari za glomeruli, yaani vichujio vya figo) zinapoteza podosini, protini yao, kadiri ugonjwa unavyokomaa. Utaratibu ni huu: figo inakatwa katikati, inalowekwa kwenye formalini ya 10% yenye bafa kwa saa 24, inaingia parafini, mikato ya mikroni 4. Antijeni (protini tunayoitafuta, iliyofichwa na formalini) tunaifufua kwa sitireti pH 6 kwenye bafu la maji la nyuzi 95, dakika 20. Kingamwili ya kwanza ni ya sungura, polikloni (mchanganyiko wa kingamwili, siyo ya aina moja kama monokloni), inayolenga mkia wa C (mwisho) wa podosini, 1:100, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Halafu kingamwili ya pili yenye biotini, streptavidini (inayoshika biotini) yenye peroksidesi, DAB (inayotoa rangi ya kahawia) dakika 10, hematoksilini (rangi ya viini).

Kinachoonekana: mirija ya karibu na glomeruli imejaa chembechembe za kahawia, lakini glomeruli zenyewe za panya wazima ni hafifu mno. Kwa walioambukizwa ni kinyume, glomeruli zimekolea hadi katikati, kwenye mesanjiamu (tishu inayoshikilia kapilari).

Westani bloti (kutenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, kisha kuzitafuta kwa kingamwili) nayo haisaidii. Rojo la figo nzima lililotengenezwa kwa Triton X-100 (sabuni laini) ya 1% linatoa mstari kwenye kilodaltoni 50, na hakuna kitu kwenye 42 tunakotarajia.

Kifurushi cha kingamwili kilikaa njiani siku 5 kutoka Ulaya kupitia Dar, na pakiti za barafu zilikuwa zimeyeyuka kilipofika. Je, imeharibika? Ninunue nyingine?

Slaidi_Sengerema

Mkuu, usinunue kitu kwanza. Hiyo picha ya mirija ni biotini ya figo yenyewe. Figo na ini ni kati ya viungo vyenye biotini nyingi kuliko vyote mwilini, na kwenye figo imejaa zaidi kwenye mitokondria za mirija. Streptavidini haitofautishi biotini ya kwenye kingamwili yako ya pili na ile aliyozaliwa nayo panya, inashika zote. Kufufua antijeni kwa joto kunaifunua zaidi, kwa hiyo ukiongeza joto ili glomeruli ziongezeke rangi, mirija ndiyo itakayoongezeka.

Thibitisha hivi, ni kazi ya saa 2. Chukua mkato mmoja, fufua antijeni kama kawaida, ruka kingamwili zote mbili, weka streptavidini yenye peroksidesi peke yake, kisha DAB. Mirija ikitoka kahawia, jibu unalo. Mkato wa pili uwekee DAB tu, na yote miwili izimwe kwanza kwa hidrojeni peroksaidi ya 3% kwa dakika 10. Huu ukitoka kahawia, tatizo ni peroksidesi ya damu iliyobaki kwenye figo, wala si biotini.

Suluhisho bora ni kuachana na biotini kabisa na kutumia kingamwili ya pili ya polima, ambayo imebeba peroksidesi moja kwa moja. Ni ghali kidogo lakini inakuondolea hatua nzima. Kama bajeti haipo, ziba biotini kabla ya kingamwili ya kwanza: avidini dakika 15, osha, biotini dakika 15, osha. Vifaa vya kuzibia vinauzwa, lakini ute wa yai ni avidini tosha. Ute wa mayai 2 katika mililita 200 za maji, chuja kwa shashi mpaka usiwe na nyuzi, loweka slaidi dakika 15, osha mara 3. Kisha maziwa ya unga yasiyo na mafuta, 5% katika PBS (bafa ya chumvi), dakika 15. Maziwa yana biotini, yanajaza nafasi zilizobaki kwenye avidini. Osha sana. Na kwa sababu hiyohiyo usichanganye kamwe streptavidini ndani ya maziwa, utaizima kabla haijafika kwenye mkato.

Usikimbilie fosfatesi ya alkali (kimeng'enya mbadala wa peroksidesi) ukidhani utaepuka yote haya. Ukingo wa brashi wa mirija hiyohiyo umejaa fosfatesi yake, itabidi uizime kwa levamisoli.

Sasa kuhusu glomeruli hafifu. Hapa nina mashaka na bafu lako la maji. Ziwa letu liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Bafu likisoma 95, bafa iliyo ndani ya kopo la slaidi inaweza kuwa 90 au pungufu, hasa kopo likiwa halina kifuniko. Chomeka kipimajoto ndani ya kopo, usisome cha nje. Utaratibu ulioandikwa na mtu wa pwani au wa Ulaya unachukulia joto ambalo chombo cha wazi huku hakifiki.

Presha kuka ya kawaida ya kupikia maharage inamaliza suala hili, kwa sababu ndani joto linapita 110. Tumia bafa ya Tris-EDTA pH 9 badala ya sitireti, podosini kwa kingamwili nyingi za mkia wa C inatoka vizuri zaidi humo. Kwa lita moja: Tris gramu 1.21, EDTA ya disodiamu gramu 0.37, rekebisha pH iwe 9.0, kisha Tween 20 mililita 0.5. Chemsha bafa kwanza, ingiza slaidi, funga, na uhesabu dakika 5 tangu mvuke uanze kupiga mluzi. Zima, acha ipoe yenyewe dakika 20 hadi 30 kabla ya kutoa slaidi. Ukiipoza kwa maji ya bomba mikato inang'oka. Slaidi ziwe za kushika (polilisini au silani) na zikaushwe nyuzi 60 kwa saa 1 kabla ya kuondoa parafini, la sivyo pH 9 itakurudishia vioo vitupu.

DAB dakika 10 ni nyingi mno. Simama kwenye hadubini na slaidi ya panya mzima, simamisha rangi inapotosha (kwa kawaida dakika 2 hadi 5), halafu muda huohuo utumie kwa slaidi zote za siku hiyo. Mabaki ya DAB yakusanywe kwenye chupa yake, yasimwagwe kwenye sinki. Tunajua mitaro yetu inaishia wapi.

bafa_na_jeli

Naongezea upande wa bloti, maana humo kuna makosa mawili tofauti ambayo yameungana yakaonekana kama kingamwili mbovu.

La kwanza ni Triton. Podosini ni protini ya asidi amino 383 kwa binadamu, imechomekwa kwenye utando wa seli kama pini ya nywele, ncha zote mbili zikiwa ndani ya seli, na inakaa kwenye sehemu za utando zenye kolesteroli nyingi. Sehemu hizo haziyeyuki kwa Triton ya baridi. Uliposukuma sentrifuji, podosini yako ilikwenda chini na mashapo, ukayatupa, ukapakia uoevu wa juu usio na kitu. Safari ijayo yeyusha moja kwa moja kwenye bafa ya sampuli yenye SDS (sabuni kali) ya 2%, vuta na kusukuma mara 10 kwa sindano nyembamba ya geji 25 ili kuvunja DNA inayofanya sampuli kuwa kama mlenda. Ukipenda kubaki na Triton, basi pakia pia mashapo kwenye njia ya pembeni, ujionee mwenyewe.

La pili ni wingi. Podosaiti ni sehemu ndogo sana ya seli za figo. Mikrogramu 20 za rojo la figo nzima ni mikrogramu 20 za mirija. Tenga glomeruli. Kwa panya wadogo: kata gamba la figo vipande vidogo juu ya barafu, sukuma kwa kitako cha bomba la sindano kupitia chujio la mikroni 100, pitisha kwenye la 70, kisha kusanya zinazobaki juu ya la 40. Glomeruli za panya mdogo zina kipenyo cha kama mikroni 70 na zinalainika, kwa hiyo nyingine zitakwama juu ya la 70. Zirudishie kwa kuosha na PBS baridi yenye BSA (albumini ya ng'ombe) 0.1%, bila BSA zinaganda kwenye plastiki. Angalia tone chini ya hadubini: mipira mviringo ndiyo yenyewe, vijiti ni mirija. Ukiwa na panya wakubwa weupe kazi ni rahisi zaidi, chujio za 180, 150 na 75, unakusanya juu ya 75. Kazi yote iishe ndani ya saa 1 na isitoke kwenye barafu. Barafu ileile ya kusafirishia sangara inatosha, mradi mirija ya sampuli imefungwa vizuri na haiguswi na maji yake.

Pakia mikrogramu 15 za glomeruli kando ya 40 za gamba zima. Jeli ya 10% au 12%. Gawa sampuli mbili: moja nyuzi 95 dakika 5, nyingine nyuzi 37 dakika 30. Protini za utando nyingine huganda pamoja zikichemshwa, unaishia na ukungu juu ya 80 badala ya mstari kwenye 42. Kwa podosini inategemea bafa, kwa hiyo usiniamini mimi, jaribu zote mbili kwenye jeli moja.

Na huo mstari wa 50? Ninaudhania kuwa ni mnyororo mzito wa IgG (kingamwili ya kawaida ya damu) ya panya mwenyewe, iliyobaki kwenye damu ya figo. Kingamwili ya pili ya kumshika sungura isipochujwa vizuri inaushika. Kata ukanda mmoja wa utando, weka kingamwili ya pili peke yake. Mstari wa 50 ukibaki, na pengine mwingine kwenye 25, umekwisha kumkamata. Dawa yake ni kusafisha figo kwa PBS kupitia moyo mnyama akishalala kabisa, mpaka figo iwe rangi ya udongo mweupe, kabla ya kuitoa.

Kontroli hasi: ini, au seli za HEK293 (za figo ya kijusi cha binadamu, zinazokuzwa maabara). Jina la figo kwenye HEK lisikudanganye, hazitengenezi podosini. Ndiyo maana ni nzuri: ukizipa plazimidi ya NPHS2 (jeni ya podosini) unapata kontroli chanya na hasi kutoka kwenye chupa moja ya seli.

Nyakahoja_Histo

Asanteni sana. Nimefanya jaribio la streptavidini peke yake: mirija imetoka kahawia vilevile, kwa hiyo Slaidi_Sengerema uko sahihi. DAB peke yake imetoka safi. Nimepima joto ndani ya kopo nikakuta nyuzi 89.

Lakini bado sielewi glomeruli za walioambukizwa. Kwenye jaribio la streptavidini peke yake hazikukolea hata kidogo. Kwa hiyo siyo biotini. Je, inawezekana podosini inaongezeka kwenye kichocho?

Daktari_wa_Podo

Ndugu, hapana, na tafadhali usiiandike hivyo popote kabla ya kufanya jaribio moja zaidi. Podosini haikai kwenye mesanjiamu. Inakaa kwenye miguu ya podosaiti, pale kwenye kiwambo cha mwanya kati ya mguu na mguu, pamoja na nefrini. Kwenye hadubini ya kawaida unapaswa kuona mstari mwembamba unaofuata upande wa nje wa kapilari, kama uzi ulioshonwa kwenye ukingo. Rangi ikijaa katikati ya glomeruli kama doa, hiyo siyo podosini hata ikolee vipi.

Fikiria unachokitazama. Panya mwenye kichocho cha wiki 16 ana IgG nyingi kwenye damu, na antijeni za minyoo zikiungana na kingamwili zake, mafungu hayo hunasa kwenye glomeruli, hasa mesanjiamu. Kingamwili yako ya pili imetengenezwa kushika IgG ya sungura, lakini IgG ya panya na ya sungura zinafanana kiasi cha kushikwa zote mbili kama muuzaji hakuichuja. Kwa hiyo unapaka rangi ugonjwa wenyewe, siyo protini uliyoikusudia. Ni IgG ileile ambayo bafa_na_jeli anaishuku kwenye mstari wa 50.

Jaribio: mkato wa panya aliyeambukizwa, wa wiki 16, kingamwili ya pili na rangi, bila ya kwanza. Wengi hufanya kontroli hiyo kwenye mnyama mzima tu, kwa sababu ndiye aliye karibu, nayo inatoka safi, inawapa imani isiyostahili. Kontroli hasi lazima itoke kwa mnyama mwenye ugonjwa, maana ndiye mwenye IgG ya kudanganya. Ongeza na mkato wenye IgG ya sungura wa kawaida kwa mikrogramu zilezile za kingamwili yako.

Nasema mikrogramu kwa makusudi. Hiyo 1:100 haina maana bila kujua chupa ina kiasi gani. Ikiwa na miligramu 0.5 kwa mililita, 1:100 ni mikrogramu 5 kwa mililita, nyingi kwa parafini iliyofufuliwa vizuri. Ukishahamia presha kuka, anza upya: 5, 2, 1 na 0.5, kwenye figo ya panya mzima. Chagua ile ambayo mstari wa kapilari unaonekana na mirija iko safi. Usichague iliyokolea kuliko zote.

Ukinunua kingamwili ya pili, soma karatasi yake mpaka uone imechujwa dhidi ya protini za seramu ya panya mdogo. Na hapo Kiswahili chetu kinatutega, sisi tuna "panya" mmoja, watengenezaji wana wanyama wawili. Iliyochujwa dhidi ya yule mkubwa haijachujwa dhidi ya mdogo. Vilevile kwenye orodha ya wanyama ambao kingamwili ya kwanza imejaribiwa. Kama kimeandikwa binadamu na panya mkubwa tu, chukua mfuatano wa kipande kilichotumika kumchanja sungura, ulinganishe na podosini ya panya mdogo kwenye UniProt, hifadhi ya mifuatano ya protini mtandaoni (ya binadamu ni Q9NP85). Asidi amino 1 au 2 zikitofautiana, polikloni mara nyingi inavumilia, monokloni inaweza kukataa kabisa.

Epuka kabisa monokloni za panya kwenye mradi huu. Kumshika panya ndani ya panya mwenye mafungu ya IgG ni kutafuta balaa, hata ukiwa na vifaa vya kuziba.

Slaidi_Sengerema

Naunga mkono. Kuhusu kingamwili kukaa njiani siku 5: IgG nzima inavumilia siku kadhaa za joto la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Kinachoiua polepole ni kuganda na kuyeyuka mara kwa mara. Igawe leo kwenye vimirija vya mikrolita 10 au 20, usishuke chini ya 10 kwa sababu inanata kwenye kuta na uvukizi unabadilisha kipimo. Kabla ya kufungua chupa ya mwanzo isukume kwenye sentrifuji sekunde chache, tone la thamani liko kwenye kifuniko. Ikiwa ina gliseroli 50% haigandi kwenye nyuzi hasi 20, kwa hiyo hiyo unaweza kuichota bila wasiwasi.

Friza isiwe ile inayojiyeyushia barafu, maana inapanda joto kila siku bila kukuambia. Weka vimirija ndani ya boksi la foromo lenye pakiti za barafu humohumo ndani ya friza, umeme ukikatika usiku inakupa saa nyingi. Na gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu yake. Ukirudi Jumatatu sarafu imezama, ujue friza iliyeyuka ikaganda tena hata kama sasa inasoma hasi 20.

Azidi ya sodiamu iliyomo kwenye chupa ya kwanza haina shida ukishaizimua na kuosha. Ila isiingie kwenye bafa ya kitu chochote chenye peroksidesi, inaizima.

Nyakahoja_Histo

Matokeo ya jaribio: kingamwili ya pili peke yake kwenye panya wa wiki 16, mesanjiamu imekolea vilevile. Kwa wazima, safi. Nimeagiza ya polima iliyochujwa dhidi ya panya mdogo.

Swali la mwisho. Muuzaji anatoa pia peptidi ya kuzimia kingamwili. Nikiichanganya nayo rangi ikapotea, nimethibitisha ni podosini? Na nikishapata picha nzuri, nipime ukolezi wa kahawia kwa programu kuonyesha upungufu?

Daktari_wa_Podo

Peptidi inathibitisha tu kwamba rangi inatokana na sehemu ya kingamwili inayotambua peptidi hiyo. Ikiwa kingamwili hiyohiyo inashika protini nyingine inayofanana, nayo itazimwa, utaona slaidi safi na kufurahi bure. Ni nyongeza, haichukui nafasi ya HEK yenye plazimidi na isiyo nayo.

Ukolezi wa DAB usiupime kama kiasi. Rangi ile ni mashapo, inatawanya mwanga, haiongezeki sawia na protini. Ukitaka namba, fanya mambo mawili. Kwanza, mikato inayofuatana ipake WT1, protini ambayo kwenye glomeruli iliyokomaa inaonekana kwenye viini vya podosaiti, uhesabu viini kwa kila glomeruli. Hesabu glomeruli 30 hadi 50 kwa kila mnyama, msomaji asijue kundi, chukua wastani wa mnyama. Idadi yako ya takwimu ni wanyama, siyo glomeruli. Podosini ikipungua na WT1 ikabaki ileile, podosaiti zipo ila zimebadilika. Zote mbili zikipungua, zimeng'oka. Pili, bloti ya glomeruli zilizotengwa, ukilinganisha podosini na protini nyingine ya podosaiti kama sinaptopodini. Aktini haifai kuwa kipimo cha pekee, kwa sababu mesanjiamu inayoongezeka kwenye kichocho inaleta aktini yake.

Na kila slaidi ibebe mkato wa panya mzima na wa mgonjwa pamoja, juu ya kioo kimoja, zipite bafa moja na DAB moja. Ukipaka wazima Jumatatu na wagonjwa Jumatano, utakuwa unalinganisha Jumatatu na Jumatano.

bafa_na_jeli

Hapo kwenye kioo kimoja, ukiweza panga vipande 4 ndani ya boksi moja la parafini tangu mwanzo: mzima, wiki 8, wiki 16, na ini kama kontroli hasi. Kata ncha moja ya boksi kwa mshazari ili ujue upande wa kuanzia kuhesabu. Unaokoa kingamwili pia, mikrolita 150 zinafunika vipande vyote ukivizungushia kalamu ya nta.